Maswali ya Wasomaji: Gustav Mahler na nyundo yake

SWALI: Mahler alikuwa Myahudi, mbona alibatizwa? Na alitunga saa ngapi simfonia (tungo ndefu za okestra) kubwa namna ile huku akiendesha jumba la opera?

JIBU: Cheo kilichangia sana. Mahler, mtunzi na kiongozi wa okestra aliyezaliwa Bohemia (leo sehemu ya Ucheki) mwaka 1860, alikuwa ameshaongoza opera Kassel, Prague, Leipzig, Budapest na Hamburg. Alichokitaka ni Opera ya Kifalme ya Vienna, na Myahudi hakuwa na matumaini ya kukabidhiwa nafasi hiyo. Februari 1897 akabatizwa Mkatoliki, Aprili akaajiriwa, Oktoba akawa mkurugenzi. Hata hivyo, magazeti yenye chuki dhidi ya Wayahudi hayakuacha kumwandama, jambo linalouma ukizingatia alivyoiinua opera ile.

Alitunga wakati wa kiangazi, opera ikiwa imefungwa. Alijifungia kibandani huko mashambani, kwanza Steinbach, kisha Maiernigg, mwishowe Toblach. Kiangazi aliandika rasimu. Msimu wa kazi uliporudi aliamua kila sauti ipigwe na ala ipi ya muziki, kisha akanakili upya. Wala hakuishia hapo. Simfonia ya Tano ilipigwa mara ya kwanza Cologne mwaka 1904, naye aliendelea kuirekebisha hadi 1911, mwaka aliofariki.

SWALI: Okestra yetu inaandaa Simfonia ya Sita. Ile nyundo inayopigwa kama ala ya muziki katika sehemu ya mwisho tuitengenezeje?

JIBU: Mahler alitaka pigo fupi, zito, lisilo na mlio wa chuma, kama shoka likipiga gogo. Kwa hiyo msitumie nyundo ya fundi chuma wala kupiga bati. Chukueni nyundo ya mbao yenye kichwa kikubwa na mpini mrefu, na sanduku la kupigwa, la mbao nene, lililo tupu ndani. Liwekeni juu ya jukwaa la mbao ili nalo livume. Juu ya zege sauti hufa palepale. Mbao nyembamba hutoa sauti ya mtu anayebisha hodi, tena huweza kupasuka.

Kosa la kawaida ni kuchelewa. Nyundo nzito huchukua muda kushuka, kwa hiyo mpigaji aiinue mapema na afanye mazoezi na okestra nzima, kwani akiwa peke yake hatajua kama tarumbeta zinammeza.

Mapigo yalikuwa matatu. Mahler alilifuta la tatu. Leonard Bernstein, naye Myahudi, kiongozi wa okestra na mtunzi, alilirudisha. Sisi tungepiga mawili, kwa kuwa ndiyo kauli ya mwisho ya mtunzi mwenyewe.