Kurudisha mpangilio wa zamani wa albamu iliyotolewa upya

Ndugu, umeuliza ufanyeje na toleo jipya la albamu ya roki lililovuruga mpangilio, likaacha wimbo mmoja na kuchomeka mbili za ziada katikati. Hasira za mashabiki zinaeleweka, ila jambo lenyewe si geni: Revolver ya The Beatles (1966) ilikuwa na nyimbo 14 Uingereza na 11 tu Marekani, kwa kuwa tatu zilishatolewa huko kwenye albamu nyingine.

Usikimbilie kuhamisha faili. Kwanza linganisha urefu wa kila wimbo na toleo la zamani. Tofauti ya sekunde moja au mbili mara nyingi ni ukimya wa mwishoni. Ikifika kumi, huenda ni miksi nyingine kabisa, yaani sauti na ala zimechanganywa upya, na hapo kupanga upya hakutakurudishia albamu unayoijua.

Zikilingana, badilisha namba kwenye majina ya faili: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, baadhi ya programu zitaiweka 10 kabla ya 2.

Kazi hasa iko kwenye wimbo ulioachwa. Ukiutoa kwenye sidii ya zamani, mara nyingi utasikika chini, maana matoleo mapya hupandishwa sauti. Usiupandishe huo, utakwaruza. Shusha zile mpya, desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwanza, kisha desibeli moja moja kwa sikio. Na kama wimbo ulioachwa unaungana na uliotangulia bila kimya, chukua zote mbili kutoka toleo la zamani, la sivyo utasikia mkato pale zinapokutana.