Mche wa Aprili Lazima Uione Aprili Nyingine

Kabla ya kununua mche hata mmoja, hesabu maji. Mche mchanga unataka lita 5 kwa wiki wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba mpaka mvua ya Machi au Aprili ishike. Miche 200 ni lita 1,000 kila wiki, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nani ataibeba, na kutoka mto gani? Kama nyumba yenu inaweza kutenga mitungi 10 kwa wiki, pandeni miche 40 na msiongeze hata mmoja. Miti 40 iliyo hai baada ya miaka mitatu ni mali. Miche 200 iliyokauka ni pesa na jasho vilivyopotea, na watoto walioichimbia mashimo hawatakuja tena ukiwaita.

Tunaanza na hesabu hii kwa sababu hamu ya kupanda ipo tele. Serikali ya Kenya ilijiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa sikukuu ya kupanda. Ni jambo jema. Ila kwa mtu wa Nakuru, Novemba ni mwezi mgumu. Mvua ya vuli haikawii kukatika, na mche unaingia Januari ukiwa na mizizi ile ile uliyotoka nayo kitaluni. Nakuru, panda katikati ya Aprili. Upande wa Kakamega na Vihiga mvua huendelea hadi Agosti, kwa hiyo nafasi ni pana zaidi. Kisumu usipitishe mwanzo wa Mei. Na popote ulipo, mvua mbili za kwanza zisikudanganye. Chimba kidogo kwa panga utazame: unyevu ukiwa umefika sentimita 30 chini, panda.

Kitaluni usivutiwe na mche mrefu. Mrefu wenye shina jembamba umelelewa kivulini kwa maji mengi, na jua la wiki ya kwanza litaulaza. Tafuta wenye urefu wa rula ya shule, sentimita 30, na shina linalokaribia unene wa penseli. Muulize mwenye kitalu kama ameuzoesha jua: wiki tatu au nne za mwisho kivuli huondolewa na maji hupunguzwa. Kisha nunua mmoja, upasue mfuko wake pale pale. Mizizi ya chini ikiwa imejizungusha kama ngata ya kubebea mtungi, miche ya kitalu hicho imekaa mifukoni kupita kiasi. Mti wa namna hiyo unaweza kusimama miaka mitano ukipendeza, halafu upepo mmoja ukaung'oa.

Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha Kakamega. Nakuru, ambako udongo wa volkano hunywa maji haraka, fika 60. Lichimbe wiki mbili au tatu mapema. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande wa pili, kwa sababu wakati wa kurudisha ule wa juu ndio hutangulia, ukiwa umechanganywa na nusu debe ya samadi iliyooza mpaka imeisha harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuwaita mchwa.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, una tabia yake. Ukilowa hunata na kuzuia maji yasipite. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na mizizi myembamba hukatika humo. Shimo lenye kuta laini kwenye udongo huo hugeuka sufuria, na mche hufa kwa maji mwezi wa Mei wakati jirani anadhani umeshiba. Kwaruza kuta kwa ncha ya panga, na upande mche juu ya tuta la sentimita 20 hadi 30. Kiangazi kikianza, ziba nyufa zinazoelekea shina kwa udongo uliopondwa.

Siku ya kupanda, mwagilia mche ungali mfukoni, pasua mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, uutoe wote. Wengi hukata kitako tu na kuuzika mche na plastiki yake, kisha wanashangaa mbona haukui: mizizi imefungiwa ndani. Kata sentimita moja ya mizizi ya chini iliyojikunja. Mahali shina linapokutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi, kwani ukizikwa zaidi gome huoza. Shindilia kwa mguu bila kutumia nguvu nyingi, ili hewa isibaki kando ya mizizi. Kwenye mteremko inua tuta la udongo lenye umbo la mwezi mchanga upande wa chini wa mche, likumbatie maji yanayoshuka. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 10, ukiacha nafasi ya ngumi kati yake na shina.

Lita 5 zile mwagia mara moja kwa wiki, polepole. Kikombe kimoja kila jioni hulowesha ngozi ya ardhi tu, na mizizi hubaki juu ikikifuata. Mtungi wa plastiki wa lita 5 uliotobolewa tundu moja la msumari chini, ukawekwa kando ya mche, hufanya kazi hiyo wenyewe. Zungushia matawi ya miiba kabla mavuno hayajaisha, kwa sababu mahindi yakishatoka mbuzi huachiwa huru. Palilia duara la mita moja mara tatu kwa mwaka, miaka miwili.

Mche ukifa, usiung'oe na kutupa. Usome. Umekatwa usawa wa ardhi kama kwa kisu? Ni sota, kiwavi wa udongoni anayekata mashina; fukua udongo karibu utampata amejikunja. Ukiuvuta unatoka bila ubishi na gome la chini limetafunwa? Mchwa, na mara nyingi walikuta mche umeshadhoofishwa na kiu. Majani yamekuwa manjano na udongo umelowa? Maji yalituama.

Sasa, faida yake kwa dunia ni kiasi gani? Mti wenye kilo 100 za ubao mkavu umefunga kama kilo 50 za kaboni, sawa na kilo 183 hivi za kaboni dioksidi. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7. Matatu ya Kisumu kwenda Nairobi na kurudi, kilomita 700 hivi, ikinywa lita moja kwa kilomita 10, imetoa kilo 189. Safari moja imemeza mti wa miaka kadhaa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba miti ya Nandi itafuta moshi wa makaa ya mawe na mafuta ya nchi tajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu tabianchi ulikiri kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani, na nchi zilizoendelea ndizo zitangulie. Yatupasa kulidai hilo bila kuona haya.

Lakini hewa ikipata joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo huanguka kama mvua kubwa, hata hapa kwetu. Mvua kubwa ikipiga mteremko ulio uchi huko Tinderet na Londiani, mto Nyando unabeba udongo, na watu wa Ahero, huko chini, wanaamka maji yako mlangoni. Wa juu ana deni kwa wa chini, kama vile London na Chicago zilivyo na deni kwetu.

Ndiyo maana aina ya mti ina maana. Kando ya chemchemi usiweke mkaratusi, unakunywa mno. Panda miti ya kienyeji kama siala, musine au mukumari kwenye mipaka, na sesbania penye maji ya Kano.

Na kama shamba lina visiki, anza navyo kabla ya kitalu. Kisiki cha siala au cha ober, mti mwingine wa kienyeji, kina mizizi ya mtu mzima tayari, hakihitaji mtungi hata mmoja. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yakate kwa panga kali. Punguza matawi ya nusu ya chini, ukiacha ya juu. Funga kitambaa chekundu ili mwenye jembe la ng'ombe ayaone, na urudi baada ya miezi sita, uondoe yatakayokuwa yamechipuka upya.