Mdimu wa manjano: jivu si dawa

Dada wa Bamburi, Mombasa, umeuliza kwa nini mdimu wako umegeuka manjano, na kama uuongezee maji. Huo mdimu wala hauna kiu, kwa hivyo kuuongezea maji hakutasaidia. Umesema majani ya zamani yako sawa, ila yaliyochipua karibuni ni manjano na mishipa imebaki kijani kama wavu. Hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Na chuma mara nyingi kimo ardhini humo humo. Shida ni udongo wetu wa matumbawe huku Pwani, una chokaa nyingi na mizizi inashindwa kukifyonza.

Aliyekwambia umwage jivu, mshukuru halafu usimsikilize. Jivu linazidisha yale yale ya chokaa. Labda likufae kusugulia sufuria.

Mwezi wa Agosti, kusi ikivuma na manyunyu yakipita, tia samadi ya ng'ombe au mbuzi, ile iliyooza hadi haina harufu. Itandaze pote panapofika kivuli cha mti, ukiacha shubiri moja kutoka shinani, kisha funika kwa makumbi ya nazi. Ukiwa na haraka, maduka ya pembejeo huuza chuma cha kunyunyizia majani, nyunyiza jioni. Utazame machipukizi mapya, maana yale ya manjano huenda yasirudi.

Sasa mimea mingine ya uani. Kisima chenu kikiwa na chumvi, maji yake upe ukoka, ndio unaoyavumilia, si mdimu. Na huo ukoka usiufyeke hadi mchanga uonekane. Bogenvilia nayo ipogoe ikimaliza maua, na uvae glavu, miiba yake haina adabu.