Kabla hujanunua injini, hesabu meno ya difu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Omaha, hapa Marekani, ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata bodi ya Chevrolet Monte Carlo ya 1985, nataka kuingia mbio za udongo. Kwa dola 5,000 nichukue injini gani yenye nguvu kuliko zote?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimejiona mwenyewe miaka minne nyuma, pesa mfukoni na ujinga kichwani.

Mimi nimekulia gereji za Unga Limited, Arusha. Nilipohamia Iowa na kuona magari mabovu mabovu yakizunguka uwanja wa udongo, yote yakikata kushoto tu, nikasema hii ni kazi ya nyumbani. Nani wa kunifundisha injini mimi? Nikamfuata muuzaji mmoja, jina lake nalihifadhi, akaniuzia V8 ya Chevrolet iliyotanuliwa kutoka inchi za ujazo 350 hadi 383, yaani kama cc 6,300. Akaniambia ina nguvu za farasi 450. Nilivyoiwasha nyumbani, majirani wakatoka nje. Raha yake siwezi kuisimulia.

Usiku wa kwanza, udongo ukiwa bado na maji, niliwapita watu kama wamesimama. Ilipofika mbio kuu udongo ulikuwa umekauka, unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kila nikigusa mafuta, tairi za nyuma zinazunguka na gari haliendi. Wale niliowapita jioni wakanipita mmoja mmoja, tena na injini za kawaida kabisa. Farasi 450, wote wanateleza!

Usiku wa tatu injini ikanoki. Gari likikata kushoto kwa kasi, oili yote inakimbilia kulia. Sampu yangu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa ya barabarani, haina vizuizi ndani, hivyo pampu ikawa inanyonya hewa kwenye kila kona mpaka beringi za krenki zikaliwa. Kipimo cha presha kilikuwepo, ila nilikuwa nimekifunga chini karibu na mguu. Nilimpigia muuzaji, akapokea mara moja, halafu basi. Namba yake bado ninayo.

Sasa nisikilize. Natumia injini ya kreti, ndiyo, kreti kama ya soda, kwa sababu inatoka kiwandani imefungwa tayari. Inaitwa 602, ya General Motors: inchi 350, cc 5,700, farasi 350 kwenye mizunguko kama 5,400 kwa dakika. Bolti zake zimepigwa lakiri ili mtu asiifungue akaichezea. Haina maajabu, na uzuri wake ni huohuo: mwenzako aliye nayo ana nguvu zilezile, kilichobaki ni udereva. Zaidi ya hapo, kuna madaraja ya mbio ambamo mpinzani anaruhusiwa kuinunua injini yako baada ya mbio kwa bei iliyowekwa. Umemwaga dola 9,000, mtu anaibeba kwa bei ya chini, na wewe unampa mkono.

Gia boksi nilikosea pia. Nilichukua otomatiki ya gia tatu, Turbo 350, kutoka kwenye pikapu iliyokufa. Konveta yake, ile inayopitisha nguvu kwa oili badala ya klachi, ilikuwa inakula nguvu na kuchemsha oili. Mbio zenyewe huendeshi kwa gia tatu. Ukishaondoka unakaa gia ya juu, moja kwa moja, mzunguko unaoingia ndio unaotoka. Zile za chini ni za kutokea tu. Ndiyo maana Powerglide, otomatiki ya gia mbili iliyoacha kutengenezwa 1973, bado inatafutwa mpaka leo. Mimi nimerudi kwenye gia za mkono, klachi ya kawaida, nyepesi, na nikiiharibu naitengeneza mwenyewe.

Kumbe kazi yote ni ya difu, zile gia za nyuma zinazozungusha tairi. Namba yake ni meno ya gia kubwa ukiyagawa kwa meno ya ndogo: difu ya 3.08 maana yake kwenye gia ya juu injini inazunguka mara 3.08 tairi likizunguka mara moja. Chukua kalamu. Tairi lenye mzingo wa mita 2.2, gari likienda kilomita 120 kwa saa, linazunguka kama mara 909 kwa dakika. Difu ya barabarani ya 3.08 inaipa injini mizunguko 2,800, hapo imesinzia. Difu ya 5.83 inaipa 5,300, palepale 602 inapovuta vizuri. Ya 6.50 inaisukuma hadi 5,900, unaisumbua bure. Laiti ningeijua hesabu hii kabla ya kununua ule muungurumo!

Vijana wetu tunapenda sifa, tuseme ukweli. Tunanunua sauti ili tupige video. Pima uwanja wako, chagua difu, chagua gia boksi, injini ije mwisho. Nasema tena: mwisho. Wiki mbili zilizopita nimemaliza wa nne kati ya magari 22, nyuma ya watu waliozaliwa wakinusa udongo ule, na sikuwa na injini kubwa kuliko ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mdogo wangu, usimlipe mtu kwanza. Chukua kitabu cha kanuni za uwanja wako, piga picha ukurasa wa gia boksi, nitumie. Na kipimo cha presha ya oili kifunge juu, mbele ya macho yako.