Jibu: Mzee anasubiri baipasi na mshipa wa shingo umebana, waanze na shingo au moyo?

Pole mkuu. Kwa nilivyokuelewa baba ana miaka 68, kapangiwa baipasi (upasuaji wa kuipa damu njia mpya kupita mishipa ya moyo iliyoziba), ultrasaundi ikakuta mshipa wa shingo wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, umebana asilimia 75, sasa ndugu mmegawanyika waanze na shingo au moyo. Mjomba wangu alikuwa na hali hiyohiyo, nakupa tulichoelezwa pamoja na nilichokuja kusoma, mi sio daktari.

Cha kwanza alichoulizwa mjomba wala hakikuwa asilimia. Aliulizwa kama kuna siku mkono au mguu uliishiwa nguvu, mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito au jicho moja likaingia giza ghafla halafu ikapita yenyewe, yaani dalili za kiharusi kidogo. Hapo mbaneni mzee vizuri, tena muulizeni na mama, maana wazee wetu kitu kikishapoa wanasema nilichoka tu. Kama imemtokea ndani ya miezi 6 iliyopita habari inabadilika kabisa, shingo inaweza kushughulikiwa kabla ya moyo au pamoja nao.

Kama hajawahi, tulia kidogo. Kuna uchambuzi wa Naylor na wenzake wa 2002, walijumlisha tafiti nyingi wakaona wanaopata kiharusi kwenye baipasi ni kama 2 kwa kila 100, waliobana upande mmoja bila dalili ni 3, pande zote mbili 5, ila mshipa ukiwa umeziba kabisa inaruka 7 mpaka 11. Na viharusi vingi humo havikuelezeka kwa shingo peke yake. Vingine vinatokea kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, nao kwa watu hawa mara nyingi una mafuta yaliyogandia, sasa wakiubana na vifaa vyao vipande vinabanduka vinaenda kichwani. Vingine vinakuja siku za baadaye wodini mapigo ya moyo yakianza kwenda ovyo, na hilo mjomba lilimkuta, wakampa dawa likatulia.

Kuhusu kufanya vyote siku moja, binamu yangu alilishupalia sana hilo, eti gharama moja maumivu mamoja. Wajerumani walilijaribu, utafiti unaitwa CABACS, ulitoka 2017: ndani ya siku 30 waliopata kiharusi au kufariki walikuwa asilimia 18.5 kwa waliofanyiwa shingo na moyo pamoja, na 9.7 kwa waliofanyiwa moyo tu. Ulikuwa na watu 129 tu na ulisimama mapema kwa kukosa wagonjwa wa kutosha, kwa hiyo sio msahafu, ila binamu alinyamaza. Mjomba akafanyiwa moyo peke yake, shingo anaifuatilia kwa ultrasaundi na dawa.

Kwahiyo mkionana na daktari msing'ang'anie tu hiyo 75, muulizeni aota wameiangaliaje na wana mpango wa kuigusa kidogo iwezekanavyo, na presha ya mzee wataishikilia wapi akiwa kwenye mashine ya kusukuma damu wakati wa upasuaji maana ikishuka sana upande uliobana ndio unakosa damu. Aspirini na dawa ya kolestro asiziache kwa kujiamulia mwenyewe, na kama anavuta sigara aache leo.

Halafu mkuu hujasema upande wa kulia umesomaje, angalia kwenye ripoti uweke hapa, kwangu hiyo ni muhimu kuliko hata hiyo 75.