Seli T na tishu ya thaimasi: nani humlea mwenzake?

Ndugu muulizaji ametaka kujua kama ni sahihi kuiita thaimasi shule, ambamo tishu hufundisha na seli changa za kinga hufundishwa tu. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka kadhaa nikiichunguza tezi hiyo katika panya, na kwa maoni yangu mfano huo ni nusu ya ukweli, kwa sababu humo wanafunzi ndio wanaojenga sehemu kubwa ya madarasa.

Upande unaofahamika nitaupitia kwa haraka. Thaimasi hukaa nyuma ya mfupa wa kidari, na mwaka 1961 Jacques Miller alionyesha, kwa kuiondoa katika panya waliozaliwa karibuni, kwamba bila tezi hiyo kinga haikamiliki. Seli zinazotoka kwenye uboho huingia humo zikiwa bado hazijashika njia yoyote. Epithelia (seli zinazounda tishu ya tezi yenyewe) ya tabaka la nje huziamsha kwa molekuli iitwayo DLL4, nazo huanza safari ya kuwa seli T, yaani askari wa kinga. Zile ambazo vipokezi vyake haviwezi kutambua molekuli za MHC (alama za utambulisho zilizo juu ya seli) za mwili wenyewe hufa. Zinazofaulu huvutwa hadi eneo la ndani, ambako epithelia nyingine, kwa msaada wa protini AIRE, hutengeneza protini za viungo vya mbali, ikiwemo insulini ya kongosho, ili seli inayoelekea kuushambulia mwili ibainike mapema na kuondolewa.

Sasa upande wa pili, ambao mimi niliuamini baada ya kuuona. Tulichukua thaimasi za vijusi vya panya vya siku 15, kila kipande kidogo kuliko kichwa cha pini, tukaviweka juu ya utando unaoelea kwenye kimiminika cha lishe, kisha tukatia kemikali iitwayo deoksiguanosini kwa siku 5 hadi 7 ili seli changa za kinga zife na epithelia ibaki. (Jaribio langu la kwanza niliviacha vizame, nikidhani kwamba kadiri vinavyolowa ndivyo vinavyoshiba, kumbe vinahitaji hewa kwa juu, katikati yake pakafa.) Vilivyosalimika vilipoteza weupe wao mzito, vikawa karibu kupenywa na mwanga. Nilipovipaka kingamwili zenye rangi na kuvitazama kwa darubini, sikuona AIRE. Tulipotia RANKL, ishara ambayo kwa kawaida hutolewa na seli za kinga zenyewe, baada ya siku chache vilijitokeza viini vya seli vilivyojaa vidoto vinavyong'aa: AIRE hiyo. Wanafunzi hawakuwemo, sauti yao ilitosha.

Panya wenye kasoro za kijeni wanasema jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Wale ambao seli zao hukwama mapema kwa kukosa jeni za RAG, zinazohitajika kuunda vipokezi vya seli T, wana tabaka la nje linaloeleweka, lakini eneo la ndani ni dogo mno. Wengine, ambao seli zao hukwama hata kabla ya hapo, hawana hata tabaka la nje lililopangika. Badala ya wavu wa epithelia kuna utando bapa wenye vifuko vya maji. Ukiwapa seli za uboho wakiwa bado vijusi, tabaka hilo hujipanga. Ukisubiri hadi wawe wakubwa, hujachelewa kidogo, umechelewa kabisa.

Kwa binadamu, watoto wenye ugonjwa wa Omenn, kasoro ya kurithi ya kinga, ambao mara nyingi RAG zao hufanya kazi kwa sehemu tu, huwa na AIRE pungufu, na seli chache zinazokomaa hushambulia ngozi na utumbo wao.

Ujuzi huu una matumizi. Mtoto aliyezaliwa bila thaimasi hupandikizwa kwenye msuli wa paja vipande vya thaimasi ya mtoto mwingine, ambayo huondolewa wakati wa upasuaji wa moyo na kulelewa maabara hadi seli T za mtoto huyo aliyeitoa zipungue sana. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2021. Kinachopandikizwa ni epithelia iliyopoteza mpangilio wake. Seli kutoka uboho wa mpokeaji huingia humo, na tabaka la nje na eneo la ndani huanza kuonekana tena. Ujenzi huo huchukua miezi 6 au zaidi, na muda wote huo mtoto hulindwa dhidi ya maambukizi kana kwamba hajapandikizwa chochote.