Kukosa homa hakuondoi sepsisi

Ndugu, umeuliza kama mgonjwa mzee aliyelazwa, asiye na homa, anaweza kuwa na sepsisi, yaani hali ya hatari ambapo mwili, ukipambana na maambukizi, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Anaweza kabisa, kwa wazee joto la mwili huweza hata kushuka chini ya nyuzi 36, na ndiyo maana mimi hutazama kwanza upumuaji, kipimo ambacho wodini hukisiwa mara nyingi badala ya kuhesabiwa. Hesabu kwa dakika nzima: pumzi 22 au zaidi, pamoja na kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla au namba ya juu ya presha isiyozidi 100, zinatosha kumwita daktari mara moja. Bonyeza pia ncha ya kidole, kisha uachie. Rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, huenda damu haifiki vizuri.

Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya antibayotiki, lakini dawa isicheleweshwe kwa sababu hiyo: presha ikiwa imeshaporomoka, itolewe ndani ya saa 1. Maji ya mshipani hukadiriwa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3 za mwanzo, huku mapafu yakisikilizwa na mkojo ukipimwa kila saa. Mwenye moyo dhaifu apewe kidogo kidogo.